Nyabara kwa Ra

Imetangazwa rasmi, na tangazo lina muhuri, namba ya kumbukumbu na sahihi mbili, kwamba shaba na kobalti zilizomo katika mashapo ya mto Nyabala, chini ya mgodi wa zamani wa Kinyabwe, ni za kiwango cha asili. Ziliwekwa hapo na maumbile kabla mwanadamu hajaijua sururu. Mgodi, ambao ulifanya kazi miaka ishirini na mitano ukaacha vilima vitatu vya mchanga wa kijani kando ya mto huohuo, hauhusiki. Wananchi wa bonde wanaombwa kuwa watulivu, na wanakumbushwa kwamba hakuna mahakama inayopokea kesi dhidi ya mlima.

Tangazo lilisomwa mwezi wa Agosti mwaka 2003, katika hoteli moja ya Kampala, baada ya chai. Nusura binti Swaibu alikuwamo ukumbini, safu ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni. Miongoni mwa wote waliokaa humo na beji zao kifuani, ni yeye peke yake aliyekuwa ameushika mto ule kwa mikono yake, kilo baada ya kilo. Alikuwa na hasira tangu Machi.

Hasira yenyewe ilikuwa juu ya herufi moja, na ili kuielewa inabidi kurudi nyuma kidogo, Kyebando, mtaa wa Kampala alikozaliwa.

Nusura ni wa ukoo ambao babu yao alikuja na msafara kutoka Tabora, akafika kwa Kabaka, mfalme wa Buganda, akaonja matoke, akasahau njia ya kurudi. Nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kuamkiana, ya kugombana na ya kusomea dini. Nje ya ua kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani. Kwa miaka mingi, mtu aliyesema Kiswahili kwa sauti Kampala ama alikuwa na bunduki ama alikuwa anamtafuta wa kumpiga nayo. Hata baada ya vita vya themanini na sita kwisha na bunduki kuhamia mikono mingine, Nusura aliweza kuingia duka geni, akauliza kwa adabu zote, "Samahani bwana, sukari ipo?" na mwenye duka akaanza kupapasa mifuko akitafuta kitambulisho.

Baba yake, Mwalimu Swaibu, alikuwa na chuo cha Kurani barazani, na alikuwa na ugomvi mmoja na mji mzima. Ugomvi huo ulikuwa wa lam na ra, L na R za Kiarabu. Ndugu zake wa imani, Baganda, hawakuona haja ya herufi mbili pale ambapo moja ingetosha. Walitoa yoyote iliyotangulia ulimini. Mwalimu alisema kubadili herufi ni kubadili maana, na kubadili maana ya Kurani ni kumsingizia Mungu maneno. Mtoto aliyesoma "Lahmani" mahali pa "Rahmani" alipigwa ufito wa vidole. Nusura alipigwa mara mbili. Hakukuwa na mara ya tatu.

Kwa hiyo alikua akiisikia ra katika mji usioisikia, na hilo halikumletea faida yoyote. Mwaka 1989 aliajiriwa kufagia katika maabara moja upande wa Kyambogo, maabara ya kukodi inayopima mawe, udongo na mchanga wa mto kwa yeyote mwenye mradi. Mwaka uliofuata waligundua kwamba mfagiaji ana mwandiko mzuri kuliko wapimaji, wakampa chekeche. Mashapo yalikuja yamelowa kwenye mifuko ya kitambaa. Aliyakausha kwa moto mdogo, akayavunja mabonge kwa mchi wa mpira, akayachekecha, akayagawa sawasawa: nusu kwa wapimaji, nusu rafuni, iwe akiba kama kuna ubishi. Chekeche lake lilikuwa la nailoni, kwa sababu la madini lingeutia mchanga madini yake lenyewe. Kila asubuhi alivua pete ya ndoa na kuifunga kwenye pindo la leso, kwa sababu hiyohiyo. Hakuna aliyemwagiza avue pete. Aliwaza tu kwamba mtu akitaka kujua mto una nini, asiuongezee cha kwake.

Katika miaka kumi na minne ya kuwa hapo, maabara karibu nzima ilimwita Nusula. Hati yake ya mshahara iliandikwa Nusula. Benki ikakataa kumpa chake, ikisema pasipoti inasema mtu mwingine, na bosi wake akampeleka mwenyewe kwa wakili akaape, mkono wa kulia juu, kwamba Nusula na Nusura ni mtu mmoja na yuleyule. Aliapa. Alitoka pale akijihisi kama shahidi wa uongo, ingawa alichosema kilikuwa kweli.

Bosi huyo ni Daktari Otema, mtu wa Gulu, mtoto wa mwanajeshi, aliyekulia kambini na kupata humo Kiswahili kilichonyooka kama gwaride. Kwa lugha ya kwao L na R zinakaa nyumba mbalimbali. Katika jengo lile lote, ukimtoa dereva mmoja Mkongo, ni yeye peke yake aliyemwita Nusura kwa jina lake. Kwa miaka kumi na minne mama huyu alimheshimu kwa hilo tu.

Mwezi wa Februari 2003 mashapo ya Kinyabwe yaliletwa na Ambroise, dereva na mchotaji wa maabara, mkimbizi kutoka Butembo, ambaye lugha ya mama yake inasikilizana na ya watu wa milima ile. Alishusha magunia mawili kutoka garini, akayaweka mbalimbali makusudi, hatua tano kati yao.

"Mama Nusura, sikia muzuri," alisema. "Hii thelathini ni ya Nyabara. Ra. Iko nyuma ya mulima, kule mugodi haikufika hata siku moja. Mayi yake unaona mpaka mawe ya chini. Hii thelathini ingine ni ya Nyabala. La. Njo ile inapita chini ya michanga ya mugodi. Mawe yake iko kijani sawa nyoka."

"Nyabara ra, ya mlimani. Nyabala la, ya mgodini."

"Njo vile. Bazee ba kule banasema ile mito ni dada mbili, mama moja, baba moja. Moja aliolewa muzuri."

"Na wa pili?"

"Wa pili aliolewa na mugodi."

Na sababu ya kuchota mito miwili ni hii. Mlima wenye shaba hutoa mto wenye shaba kidogo, hata kama hakuna mtu aliyeugusa. Ukitaka kujua mwanadamu ametia kiasi gani, kwanza ujue Mungu alitia kiasi gani. Basi unatafuta mto jirani, mlima uleule, mwamba uleule, usio na mkono wa mtu. Ukiupima, umepata kiwango cha asili. Halafu unapima ule unaoshukiwa, unatoa. Ni hesabu ya kutoa ya darasa la pili, isipokuwa huku inahitaji magari, kemikali na shahada.

Safari hii hesabu ilikuwa na mzigo juu yake. Kampuni moja ilitaka kuufufua mgodi. Wilaya ilikuwa imeipa sharti moja: ikithibitika kwamba mto Nyabala umeharibiwa na mgodi, kampuni italaza bomba kutoka Nyabara hadi vijiji vya bonde kabla ya kupiga sururu ya kwanza. Isipothibitika, hakuna bomba.

Na katika bonde lile, kwenye senta ya biashara chini ya vile vilima vya kijani, aliishi Shifa, binti pekee wa Nusura, aliyeolewa na muuza vitambaa. Alikuwa na watoto wawili, na maharage yaliyogeuka manjano kabla ya kutoa ua. Sufuria yake ya maji ilikuwa na duara la kijani lisilotoka hata kwa majivu. Alikuwa akipiga simu kila Ijumaa.

"Mama, chai ya huku ina ladha ya sarafu," alisema safari moja. "Mdogo anaikataa. Mkubwa ameshazoea."

Nusura hakuweza kuondoa katika masikio yake lile neno, ameshazoea.

Basi alichekecha mifuko ile sitini kwa uangalifu aliokuwa akimchekechea kila mtu, si zaidi, kwa sababu zaidi ingekuwa dhuluma. Akaandika kila mfuko kwa penseli: Nyabara moja hadi thelathini, Nyabala moja hadi thelathini. Akakabidhi.

Mwezi wa Machi ripoti ilimfikia mezani, kwa sababu ukurasa wa mwisho ulikuwa fomu ya mapokezi, na mtayarishaji wa mashapo sharti atie sahihi. Nusura hakuwa mtu wa kutia sahihi bila kusoma. Alisoma. Kisha alikwenda chumba cha kompyuta, kwa Ssebowa.

Ssebowa alikuwa mtunza takwimu wa maabara, kijana wa Masaka, mcheshi, mkarimu, na juu ya yote mwangalifu. Mzembe angeingiza majina kama yalivyokuja, na bonde lingepata maji. Ssebowa aliyasoma. Aliona "Nyabara" akakumbuka kanuni aliyofundishwa shuleni kwa ajili ya Kiganda: R huandikwa baada ya E na I tu, kwingine kote ni L. Kabla ya herufi ile palikuwa na A. Akasahihisha, mara thelathini. Kompyuta ikamwambia kwamba sasa ana Nyabala moja hadi thelathini mara mbili. Hilo halikumshtua, maana maabara ina desturi ya kupima baadhi ya mifuko mara mbili ili kujihakikishia. Akafuta zilizotangulia, ambazo ndizo zilizokuwa za mlimani, akabakiza zilizofuata. Halafu mahali palipotaka mto wa kulinganishia akaweka Nyabala, na mahali palipotaka mto unaochunguzwa akaweka Nyabala. Kompyuta haikuwa na neno.

"Bwana Ssebowa," alisema Nusura, akimwekea karatasi mbele, "mto wa kulinganishia ni upi hapa?"

"Nyabala, nnyabo."

"Na unaochunguzwa?"

"Nyabala."

"Umeulinganisha mto na wenyewe."

"Na imetoka sawasawa!" Ssebowa aligeuza kiti kwa furaha. "Shaba ya asili mia nane sitini na tatu, shaba ya mto mia nane sitini na tatu. Mpaka desimali! Mimi nilisema, bannange, lipoti kama hii sijaona. Vipimo yetu ni vizuri sana."

"Hata mapacha hawafanani mpaka desimali, Ssebowa. Mito ni miwili. Kuna Nyabara na kuna Nyabala."

"Ndiyo. Nyabala na Nyabala."

"Ra!"

"La," alikubali Ssebowa.

Nusura alichukua penseli akaandika R pembeni ya ukurasa, kubwa, ikakwaruza mpaka ukurasa wa pili. Ssebowa aliitazama kwa huruma ya mtu aliyesoma.

"Ah, Mama Nusula! Hiyo ni makosa ya Ambroise. Hawa Wakongo wanaandika vile wanataka. Baada ya A tunaweka L. Hata mutoto wa P-one anajua."

"Hiyo ni kanuni ya Kiganda. Mto huo ni wa Kiganda?"

"Si uko Uganda?"

Swali hilo pengine hata katiba haina jibu lake. Nusura alichukua karatasi zake akapanda ngazi kwa Daktari Otema, akiwa bado anaamini kwamba tatizo ni masikio.

"Mama Nusura, karibu. Kaa."

Hakukaa. Alimweleza yote, kutoka magunia mawili ya Ambroise hadi kule kufutafuta kwenye kompyuta. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. Jambo la kwanza ambalo mama aliliona ni kwamba hakushangaa.

"Umemwambia nani?" aliuliza.

Hilo lilikuwa la pili.

"Nimemwambia Ssebowa. Amenicheka."

"Mwache acheke. Ni mtu mwema."

"Daktari, wewe unasikia. Nyabara. Nyabala. Unasikia tofauti, si ndiyo?"

"Nasikia."

"Ulisikia tangu mwanzo."

Daktari alivaa miwani. "Mama, nina watu kumi na tisa katika jengo hili, na wewe mmojawapo. Kampuni imesoma rasimu, imefurahi. Wizara imeomba nakala. Wewe unataka niwapigie simu wote hao, niwaambie nini? Kuna herufi?"

"Herufi!" Sauti yake ilipanda mpaka mpimaji wa chumba cha pili akazima mashine asikilize. "Benki iliponinyima changu, ni wewe uliyenipeleka kwa wakili. Ukanisimamisha mbele ya picha ya mizani, nikaapa mkono juu kwamba Nusula na Nusura ni mtu mmoja. Siku ile herufi ilikuwa mtu mzima, Daktari! Ilikuwa mtu mzima wa kuapiwa! Basi upelekeni na mto kwa wakili, ukaape!"

Daktari alitabasamu. Mengi mengine Nusura alikuja kuyaelewa baadaye, na baadhi hata kuyasamehe, kwa kuwa watu kumi na tisa ni watu. Tabasamu lile hakulisamehe.

"Kule chini kuna watoto wanakunywa," alisema, polepole sasa.

"Wajukuu wako. Najua, mama. Na ndiyo maana, kwa kweli, fomu hii usingefaa kuisaini hata kidogo. Una maslahi." Alichukua fomu kutoka mkononi mwake, kwa upole, kama anayempokea mzee mzigo. "Nitamwomba Ssebowa asaini. Yeye hana mtu kule."

Kwa miaka kumi na mitatu Nusura alikuwa amevua pete kila asubuhi ili mchanga wa watu usichanganyike na wake. Sasa aliambiwa ana maslahi na mtu aliyetaka kufurahisha kampuni. Alifungua mdomo, akakuta yaliyomo ni matusi ya sokoni Ggaba, ya wale wanaogombania samaki, na Mwalimu Swaibu hakumlea hivyo. Akaufunga.

"Nusu za akiba ziko rafuni," alisema akiwa mlangoni. "Mifuko sitini. Majina yamo juu yake. Mwandiko wangu."

"Zipo," alisema Daktari. "Kwa kanuni zinakaa miezi sita."

Jumatatu iliyofuata rafu zilikuwa zimesafishwa. Kanuni ilitaka miezi sita, na mmoja tu ndio ulikuwa umetimia. Katika historia ya maabara ile, hiyo ndiyo kazi pekee iliyowahi kumalizika kabla ya wakati.

Ambroise alipoambiwa alikaa kwenye ngazi ya gari, akatikisa kichwa. "Mama, mto haikuenda likizo. Nitarudi nichote ingine."

Alijaribu. Siku ya mapumziko alipanda basi kwa mfuko wake mwenyewe. Njia ya kwenda Nyabara ilikuwa sasa na mnyororo, na kwenye mnyororo walinzi wawili, na walinzi wakamweleza kwamba mto unalindwa.

"Nikabauliza, unalindwa na nani?" alimsimulia Nusura. "Banasema, na sisi. Nikasema, hapana, unalindwa juu ya nani? Bakaniuliza kitambulisho."

Nusura alimpigia Shifa simu, akamweleza kwamba ripoti inasema ni ya asili.

"Asili ya nani, Mama?"

"Ya mto."

"Mto huu una asili ya kuchafua sufuria? Bibi wa jirani hapa alichota humu akiwa msichana, kabla hawajaja na matingatinga. Anasema walikuwa wanakamata kambale. Sasa ukikamata kitu humu ni kiatu."

"Najua, mwanangu."

"Unajua, sasa utafanya nini? Si ndiyo kazi yako, kujua mchanga?"

Swali la mtoto kwa mzazi wake, kwa simu, salio likiwa linakwisha. Nusura alisema atafanya. Hakujua atafanya nini.

Hivyo ndivyo alivyofika hotelini Agosti. Ambroise, aliyekuwa amewaleta wataalamu, alimwambia bawabu kwamba huyu mama ni mtaalamu wa mashapo. Katika yote yaliyosemwa hotelini siku ile, hilo ndilo lililokuwa kweli. Akapewa beji, imeandikwa NUSULA, na Ambroise akabaki nje na gari.

Mkurugenzi wa wizara alisoma tangazo. Palikuwa na picha za ukutani: maduara mawili ya bluu, asili na mto, yanayolingana kwa namna iliyopendeza macho. Watu wa kampuni walipiga makofi kwa kiasi. Daktari Otema alikaa meza ya mbele, karibu na chupa ya chai. Kisha msimamizi akauliza kama kuna swali, kwa sauti ya mtu anayefunga jalada.

Nusura alisimama. Alikuwa amejiandaa kusema kwa Kiingereza. Alikuwa amekiandika kwenye karatasi, na Ambroise alikuwa amemsikiliza mara mbili. Lakini hasira yake haikusoma Kiingereza. Ilisema Kiswahili, kile cha baraza ya baba yake, kila herufi mahali pake, na ukumbi mzima ukakaa wima kama uliosikia "simama hapo".

"Waheshimiwa, mimi ndiye niliyeyachekecha mashapo haya. Mito ni miwili. Nauliza, kwa nini Nyabala haikulinganishwa na Nyabara?"

Wizara ilikuwa imekuja na mkalimani, karani kijana wa Mukono, nadhifu, mwenye tai. Alisimama akatafsiri kwa Kiingereza fasaha.

"Mama anauliza kwa nini Nyabala haikulinganishwa na Nyabala."

Ukumbi ulicheka. Kilikuwa kicheko chepesi, cha baada ya chai. Mkurugenzi aliinamia kipaza sauti. "Swali zuri sana. Mwambieni mama kwamba ililinganishwa."

"Ra!" alipiga kelele Nusura. "Ra! Ra!"

"Anasema la, la," alisema mkalimani, na kwa kuwa baadhi ya wageni hawakujua Kiswahili, akawafafanulia: "Yaani hapana, hapana."

"Herufi ra! Ra ya Rahmani!"

"Sasa anaomba dua," alisema mkalimani, kwa heshima, na watu kadhaa wakainamisha vichwa.

Nusura alimtazama Daktari Otema. Ukumbi mzima ulikuwa na sikio moja tu lililokuwa likisikia kila alichosema, na lilikuwa pale, mita nane, limefungwa kwenye kichwa kilichoinamia kikombe. Alimsubiri. Daktari alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakwisha.

Kumbukumbu za kikao zilichapishwa na kusambazwa. Kifungu cha kumi na moja kinasema: "Mama Nusula aliuliza kwa nini Nyabala haikulinganishwa na Nyabala. Alijibiwa kwamba ililinganishwa. Alisema hapana. Kikao kiliendelea."

Hakurudi maabara. Alimtuma Ambroise kuchukua ndala zake na mwavuli. Siku hizi yuko Kyebando, kwenye baraza ya marehemu baba yake, anafundisha watoto wa majirani herufi. Hapigi ufito, nyakati zimebadilika. Anamfanya mtoto arudie tu, mara arobaini ikibidi, mpaka ulimi usalimu amri. Wazazi wanalalamika kwamba ni mkali mno kwa kitu kidogo hivyo. Wengine wanamwita Mama Ra, na wanapomwita inasikika Mama La, na yeye haitiki.

Mgodi wa Kinyabwe ulifunguliwa mwaka 2005, kwa ngoma na utepe. Kampuni haikulipishwa chochote kwa ajili ya bonde, kwa kuwa maji ya Nyabala ni ya asili, lakini ilijenga nyumba nane za wahandisi wake, na kwa ajili ya hizo ikalaza bomba la kilomita kumi na moja. Bomba linapita nyuma ya jiko la Shifa. Wameweka kibao pale, cha kuzuia watu wasilime juu yake, na Shifa alikwenda akakisoma, kisha akampigia mama yake simu, ingawa haikuwa Ijumaa. Kibao kinasema ni maji ya kunywa, kutoka mto Nyabara, na kimeandikwa bila kosa. Koki ya kwanza iko kilomita nne mbele, ndani ya ua wa wahandisi.